Aliyemwaga kete zote akashinda, anabeba poti yote (kete zote za katikati) ama? Tumegombana huku Malindi

kijana_wa_barani

Salaam wakuu. Naomba mwenye kujua poka kikweli anisaidie, manake jana usiku tumeachana vibaya na leo kwenye grupu ya wosapu kila mtu ni kusoma tu na kunyamaza.

Sisi twacheza holdemu, karata mbili za mkononi na tano za chini, nyuma ya duka la kina Saidi huku Barani, watu wanne kwenye mkeka. Kete ni zile za plastiki, zilizopotea tumejazia vifuniko vya soda, kifuniko kimoja ni mia. Sasa hali ilikuwa hivi, Dula alikuwa ameumia tangu mwanzo amebaki na 300 tu, mimi nina 800, Fundi ndo tajiri wa usiku ule ana 2,000. Saidi pia alikuwa nazo za kutosha lakini yeye hayumo kwenye ugomvi. Blaindi, yaani dau la lazima la kuanzia, ndogo ilikuwa 10 kwa Dula, kubwa 20 kwa Saidi, Fundi ndo aligawa.

Nimeshika kingi mbili, nikapandisha hadi 60. Fundi akafuata. Kufika kwa Dula akapiga kelele "zote!" akasukuma 300 zake. Saidi akatupa karata, ishirini yake ikabaki pale pale. Mimi na kingi mbili narudi nyuma vipi, nikamwaga zote 800, na Fundi bila hata kukuna kichwa akasukuma mlima wake wote wa 2,000. Zikachanganyika katikati, hujui ya nani ni ipi.

Chini zikaja saba ya shupaza, kwini ya uru, mbili ya pao, kumi ya kopa, tatu ya shupaza. Dula akafunua saba mbili, yaani ana saba tatu. Mimi kingi zangu mbili vile vile. Fundi ree na kwini, kwa hiyo jozi ya kwini.

Basi Dula akakumbatia mlima mzima kwa mikono miwili, ati mwenye karata kubwa hubeba meza. Fundi akamshika mkono, wewe uliweka 300 utachukua 600, yako na nyingine kama hiyo, basi. Saidi yuwasema tugawe nusu kwa nusu. Na mimi hakuna hata aliyeniuliza, nimeshindwa na Dula lakini Fundi nimemshinda, sa mi nimetoka mchezoni au niko? Kete moja ni shilingi moja, si pesa za kumfilisi mtu, lakini haki ni haki.

---

mkaazi_wa_casuarina

Uko mchezoni, na una 1,000. Dula ana 920. Fundi anarudishiwa 1,200. Hiyo ndo hesabu na haina ugomvi, wote wanne mlikuwa mmekosea isipokuwa wewe uliyenyamaza.

Iko hivi. Mtu akimwaga zote, kwa kila mwenzake aliyemfuata anashindania kiasi kile kile alichoweka yeye na hata ndururu ya juu yake hapana. Dula ana 300. Kwa hiyo chukua 300 ya Dula, 300 kutoka kwenye zako, 300 kutoka kwenye za Fundi, hiyo ni 900, ongeza ile 20 ya Saidi aliyetupa karata, 920. Hiyo ndo poti kuu na nyote watatu mna haki nayo.

Sasa wewe umebaki na 500 juu (800 toa 300). Fundi ana 1,700 juu lakini kati ya hizo ni 500 tu zinazopata mwenzake, yaani zako. 500 na 500 ni 1,000, hiyo ndo poti ya pembeni na Dula hana ubia nayo hata kidogo, hiyo ni yako na Fundi. Zile 1,200 za Fundi zilizobaki hakuna aliyeziwekea kitu, si poti, si dau, ni kete zilizotoka nyumbani kutembea, zinarudi kwa mwenyewe kabla hata ya kufunua karata ya kwanza.

Halafu mnafunua. Poti ya pembeni kwanza: kingi zako dhidi ya kwini za Fundi, wewe 1,000. Poti kuu: saba tatu za Dula zimewashinda nyote, Dula 920. Jumlisha 920 na 1,000 na 1,200 upate 3,120, na ukijumlisha mlichoweka, 300 na 800 na 2,000 na 20, ni 3,120. Ikifungana ujue umegawa sawa.

Na ona vile mambo yako yalivyokuwa mazuri bila kujua, ulianza na 800 umeshindwa na Dula na bado umetoka na 1,000. Aliyeliwa hapo ni Fundi, 800 zimemtoka. Ndo maana alikuwa amemshika Dula mkono lol.

---

abuu_swafiya

Assalaam aleikum. Kabla ya hesabu jamani, kete moja shilingi moja hiyo ni kamari, na kamari imetajwa pamoja na pombe kwenye Suratul Maida aya ya 90, haina ndogo wala kubwa. Chezeni karata mkipenda lakini shilingi itoeni. Nawaambia kwa wema.

---

kijana_wa_barani

Wa aleikum salaam sheikh, nasaha imefika na Saidi alishasema tucheze kete tupu aliyeshinda ahesabiwe pointi tu, tutafanya hivyo inshallah. Ila hata kete tupu lazima tujue nani amepata ngapi, la sivyo tutagombania vifuniko vya soda.

@mkaazi_wa_casuarina shukran sana, nimeituma kwenye grupu. Dula ameisoma. Hajajibu.

---

dula_mwenyewe

Dula ni mimi, na najibu hapa manake huko kwenye grupu mshanihukumu. Mimi nilihatarisha KILA KITU. Ningeshindwa ningetoka mkekani niende nyumbani, Fundi angeshindwa bado ana kete. Sasa iweje aliyejitoa mhanga apate kidogo kuliko huyu aliyekuwa na karata ya pili? Karata yangu ndo kubwa kuliko zote, hiyo haina ubishi.

---

mkaazi_wa_casuarina

Bwana Dula, heshima yako. Lakini geuza mambo. Tuseme ungeshindwa, ungetoa ngapi? 300. Fundi angeweza kukwambia "nimekushinda, nilikuwa nimeweka 2,000, kesho niletee 1,700 nyingine"? Usingekubali, na hakuna sheria ya poka popote ingekulazimisha. Basi kama kwa mtu mmoja hasara yako haiwezi kupita 300, faida yako kwake nayo haiwezi kupita 300. Ulikuwa na 300 ukatoka na 920, umezidisha mara tatu na chenji juu, na hakuna aliyeweza kukufukuza kwenye karata. Watu wanalipa kuona karata ya nne, wanalipa kuona ya tano, wewe umekaa umekunja miguu unakunywa kahawa yako zote tano zinakuja mpaka mbele yako. Hiyo ndo faida ya kumwaga zote ukiwa na chache. Hasara yake ni kwamba wengine wakiendelea kubetiana juu yako wewe ni mtazamaji.

Na hiyo "mwenye karata kubwa hubeba meza" si kweli hata kwenye zile poka za zamani. Nina wasiwasi umeitoa kwa wale wazee wa Kitaliano unaowafanyia kazi. Wao wana poka yao ya karata tano mkononi, wakiwa wanne wanatoa karata zote za chini ya saba, zinabaki 32, na kwao flashi (karata tano za aina moja, mfano kopa tupu) inaishinda fulhausi (tatu za namba moja na mbili za nyingine). Ukija na sheria hizo kwenye holdemu utapigana na kila mtu.

---

dula_mwenyewe

Flashi inaishinda fulhausi ndo nilivyofundishwa na ndo nilivyowafundisha. Kwani si hivyo??

---

kijana_wa_barani

DULA

---

bi_mkubwa_wa_meza

Nimepita nikacheka peke yangu. Wanangu, mimi nimegawa karata kwenye meza za kasino huku pwani kwa muda mrefu kabla sijaamua kuuza mahamri na mbaazi, na hili la poti ya pembeni ndo lilikuwa linatutoa jasho kuliko yote, manake wateja wamelewa, kila mmoja anadai, na kamera iko juu ya kichwa chako.

Alivyoeleza mkaazi ni sawasawa. Nawaongezea mambo ambayo kwenye mkeka yatawasumbua siku nyingine.

La kwanza, msingoje mpaka mwisho ndo muanze kutenganisha. Kosa lenu la jana lilikuwa ule mlima. Mtu akisema zote, SIMAMISHENI mchezo. Kila mtu kete zake zibaki mbele yake, asirushe katikati. Tafuteni mwenye chache kuliko wote, mhesabu zake kwa sauti, halafu kutoka kwa kila mmoja mvute kiasi hicho hicho, msukume katikati pamoja na za waliotupa karata, hiyo poti imefungwa. Wekeni kitu juu yake, mimi ningeweka kifuniko kimoja kilichopinduliwa ili kisihesabiwe. Halafu kati ya waliobaki tafuteni tena mwenye chache, mvute tena, poti ya pili inakaa kando yake karibu na mwenye nayo. Hivyo hivyo mpaka abaki mtu mmoja mwenye ziada, huyo arudishiwe zake. Ndo maana mgawaji hagusi karata inayofuata mpaka poti zimetulia.

La pili ndo wengi huteleza: pesa ya aliyetupa karata haiendi yote poti kuu. Chukua mfano, watu watano. Wa kwanza ana 100 kamwaga zote. Wa pili 250 kamwaga zote. Wa tatu na wa nne wameweka 600 kila mmoja. Wa tano aliweka 180 akaona moto akatupa. Sasa watu watachukua 180 yote ya huyu wa tano waitupie poti kuu, huo ni wizi bila kujua, manake yule wa 100 atakuwa anashindania 180 ya mtu wakati yeye mwenyewe aliweka 100. Hapana. Katika ile 180, mia inaingia poti kuu, 80 inaingia poti ya pili. Kwa hiyo poti kuu ni 100 mara tano, 500. Poti ya pili ni 150 mara tatu, 450, ongeza 80, 530. Poti ya tatu ni 350 mara mbili, 700. Jumla 1,730. Ile 20 ya Saidi jana iliingia yote poti kuu kwa sababu ilikuwa chini ya 300, lakini angekuwa ameweka 400 kisha akatupa, mia ingekuwa ya poti ya pembeni.

Kwenye kufunua anzeni na poti ya mwisho mrudi nyuma mpaka kuu. Poti ya tatu hapo ni ya wawili tu wenye 600, waamuliwe wao kwanza. Kisha aliyeshinda apambane na wa 250 kwa poti ya pili. Mwisho poti kuu na wa 100. Mtu mmoja akiwa na karata kubwa kuliko wote na aliweka 600 basi anabeba zote tatu, haimaanishi kwamba kila poti lazima iwe na mwenyewe tofauti.

---

fundi_bomba_mld

Mimi ndo Fundi wa hiyo hadithi, shikamoo mama. Nimekubali 920 kwa Dula, sina neno, nilisema 600 kwa hasira. Lakini nina swali. Kama Dula alikuwa na elfu mfukoni, na yeye ana saba mbili anazipenda, kwa nini asiongeze kutoka mfukoni akafuata hadi 800? Kwenye sinema mtu anatupa ufunguo wa gari mezani, anatupa hati ya shamba.

---

bi_mkubwa_wa_meza

Marahaba baba. Sinema hizo ndo zimeharibu watu. Sheria ni kwamba unacheza na kilichoko mezani mbele yako wakati karata zinagawiwa, si kilichoko mfukoni wala kilichoko benki. Inamlinda maskini asifukuzwe na tajiri kwa pesa asizokuwa nazo, na inamlinda tajiri asiwekewe hati ya shamba yenye mgogoro wa familia lol. Ukitaka kuongeza kete ongeza baada ya mkono (mzunguko mmoja wa karata) kwisha kabla ya mwingine kugawiwa. Na upande wa pili pia, huruhusiwi kuchukua kete ukazificha mfukoni ukiwa umeshinda ili ubaki unahatarisha kidogo, kilichoingia mezani kinakaa mezani mpaka uinuke uende zako.

Na kete kubwa ziwe mbele zionekane. Mtu akificha kifuniko cha mia nyuma ya rundo la kete ndogo, mwenzake anafikiri ana 200 kumbe ana 700, huo ni ujanja mbaya na kasino wanakukemea.

---

mkaazi_wa_casuarina

Hapo kwenye kete kujificha kuna ile ya Jack Straus, 1982, kwenye mashindano ya dunia ya poka Las Vegas. Vile inavyosimuliwa, alisukuma kete zake zote akapoteza, anainuka kwenda zake akakuta kete moja ya 500 imebaki chini ya kitambaa cha mezani. Na kwa kuwa alisukuma tu na hakutamka kwa mdomo kwamba ni zote, wakamwachia aendelee nayo. Na kile kijikete kimoja kikapanda mpaka akashinda mashindano yote, dola 520,000. Mpaka leo wachezaji wakibaki na kete moja humtaja yeye.

Kwa hiyo Dula na lile kelele lako la "zote!", ukishatamka umetamka, hata kilichojificha chini ya mkeka kimo ndani.

---

dula_mwenyewe

Sikuwa nimeficha kitu mimi. Jamani hii thredi imekuwa kesi yangu.

---

mlangoni_lamu

Salamu kutoka Amu. Nimefuata mwanzo mwisho nami nna langu. Huku tulikuwa watatu, mmoja kamwaga zote 150, mi na mwingine tukafuata, tukabaki na kete nyingi mbele yetu. Poti ya pembeni haina kitu, sifuri, kuu ina 450. Karata tatu zikashuka, huyu mwenzangu kapiga 200. Mi nna jozi ndogo, nikaogopa nikatupa. Tukafunua, kumbe yule wa 200 hana kitu chochote, ree tupu! Na yule aliyemwaga zote ana jozi ya nne, akachukua zote 450. Jozi yangu ilikuwa ya nane, ningemshinda. Nikamuuliza huyu mwenzangu wanitoa ili iweje, yuwanambia ndo mchezo. Je ni halali hiyo? Na kwa nini sikurudi kwenye poti kuu, mbona zile 150 zangu zimo?

---

bi_mkubwa_wa_meza

Mwanangu wa Amu, ukitupa karata umetupa zote, huwezi kujitoa kwenye poti ya pembeni ukabaki kwenye kuu. Zile 150 zako zinabaki pale kama sadaka.

Alichofanya mwenzako ni halali, lakini ni upumbavu. Ngoja nikuoneshe kwa nini. Anayemwaga zote hafukuziki, atafunua karata iwe iwavyo. Ukimtishia mtu wa tatu kwenye poti ya pembeni isiyo na kitu, ukimtoa hujashinda chochote pale, manake sifuri ni sifuri, na zile 200 zako zinarudi kwako tu. Kwenye poti kuu bado lazima umshinde yule aliyemwaga, na wewe huna karata. Kwa hiyo umefanya kazi ya kumfukuzia mwenzako adui, umemlinda yule wa 150 bure bilashi. Kutishia namna hiyo kunaleta maana pale tu poti ya pembeni ina kitu cha kupigania, au karata yako inaweza kumshinda aliyemwaga lakini yaweza kushindwa na ya huyu wa tatu.

Kwenye mashindano ndo watu hukasirika zaidi, manake huko kila anayetolewa nje ni nafuu kwa waliobaki, kwa hiyo wawili wenye kete nyingi mara nyingi huachiana tu, pasi, pasi, mpaka karata ya tano, ili wawe wawili dhidi ya mmoja. Kuachiana kimyakimya sawa. Ila mkitamkiana "tusipigane tumtoe huyu" hapo mmevunja sheria, hiyo ni njama na adhabu ipo.

---

mlangoni_lamu

Ahsante mama. Nimemtumia hii, kanijibu na ule uso wa kucheka.

---

mkaazi_wa_casuarina

Mama mimi pia nina swali, hili hata mimi sijawahi kulielewa vizuri. Karata tatu zimeshuka, mimi nimepiga 100, wa pili kafuata 100, wa tatu kamwaga zote na zote ni 140. Imerudi kwangu. Mi nataka kupandisha hadi 400. Tuliambiwa hairuhusiwi, tukabishana sana.

---

bi_mkubwa_wa_meza

Waliokwambia hairuhusiwi wako sawa, kwa poka isiyo na kikomo cha dau. Kupandisha lazima kuwe angalau sawa na dau lililopigwa, yaani wa tatu alitakiwa afike 200. Hakuwa nazo, 140 ni kila alichonacho kwa hiyo anaruhusiwa kuziweka, lakini ile 40 ya juu haihesabiwi kuwa kupandisha kamili na haifungui tena mlango kwenu mlioshacheza. Wewe na wa pili mna njia mbili tu, ongeza 40 mfuate au mtupe. Lakini kama kuna wa nne nyuma yake ambaye hajacheza bado, huyo yuko huru kupandisha, na akipandisha kikamilifu basi mlango umefunguka kwa wote.

Sababu yake ni ujanja wa wawili. Bila sheria hiyo mtu na rafiki yake wangekuwa wanatumia kete chache za mmoja kumfungulia mwenzake nafasi ya kupandisha mara ya pili.

Na inayofanana nayo: mwenye blaindi kubwa akiwa na kete 12 tu na blaindi ni 20, anaweka 12 na kamwaga zote, lakini wengine wakitaka kuingia lazima waweke 20 kamili. Nane za juu zinaenda poti ya pembeni.

---

fundi_bomba_mld

Na karata zifunuliwe lini? Juzi Dula alimwaga zote akakataa kuonesha mpaka mwisho, presha ikampanda kila mtu.

---

mkaazi_wa_casuarina

Hiyo naijua. Kuna chama cha kimataifa cha wasimamizi wa mashindano ya poka, kilianza 2001, sheria zao ndo zinafuatwa na mashindano mengi. Wao wanasema mtu akishamwaga zote na hakuna tena wa kubeti kwenye mkono huo, wote wafunue karata hapo hapo kisha zilizobaki ndo zishuke. Inazuia mtu kumpa rafiki kete kwa siri. Lakini kwenye meza ya pesa ya kawaida si lazima, ni mnavyokubaliana. Kama bado wawili wanaweza kubetiana poti ya pembeni, hapo hakuna kufunua, hata aliyemwaga zote azifunike zake, manake akizionesha anawasaidia au kuwavuruga wengine.

---

kijana_wa_barani

Haya, kwenye grupu imekubalika. Dula amepokea 920, mimi 1,000, Fundi 1,200. Saidi anasema ishirini yake hakuna anayeizungumzia.

Moja la mwisho mama usichoke na sisi. Leo alasiri tumejaribu tena, kete tupu bila shilingi kama alivyosema sheikh, na imetokea mimi na Saidi tumelingana kabisa kwenye poti ya pembeni ya 75, na kete yetu ndogo ni ya 5. Nusu haitoki.

---

bi_mkubwa_wa_meza

Kila mmoja 35, inabaki kete moja ya 5. Haikatwi wala haibaki katikati, inaenda kwa aliye wa kwanza kushoto kwa mgawaji kati ya nyinyi wawili. Na kila poti inagawiwa peke yake, msizichanganye kuu na ya pembeni ndo mgawe kwa pamoja, mtapata jibu jingine na litakuwa la uongo.

---

kijana_wa_barani

Mgawaji alikuwa Dula na kushoto kwake ni Saidi. Basi Saidi amepata 40.

---

dula_mwenyewe

Sasa flashi na fulhausi ipi kubwa, mbona hakuna aliyenijibu

---

bi_mkubwa_wa_meza

Fulhausi, mwanangu. Kwenye karata 52, fulhausi ni kubwa.